Karagosi Asiye na Uzi

Katika lugha yetu neno karagosi halina heshima. Mtu akiitwa karagosi ametukanwa. Maana yake hana akili yake mwenyewe, na mkono wa mwingine ndio unaomwinua na kumketisha. Wanasiasa wa zama za kudai uhuru walilitumia sana neno hili, na wasikilizaji walilielewa bila ya kufafanuliwa. Walakini asili yake si tusi. Asili yake ni Karagöz wa Waturuki, mchekeshaji aliyekatwa katika ngozi ya ngamia, akatiwa rangi, na kivuli chake kikachezeshwa nyuma ya kitambaa chenye taa. Katika mchezo ule yeye ndiye aliyekuwa na ulimi mkali, asiyechelea kuwacheka wakubwa. Safari ya neno, kutoka kwa mcheshi asiyeogopa mtu hata kufika kwa mtumwa wa fikira za watu, ni safari ndefu, na siku moja inastahili makala yake peke yake. Hapa nalitaja kwa sababu nataka kusema habari za makaragosi wasiovutwa kwa uzi.

Sinema ninayoikusudia hutengenezwa hivi. Sanamu ndogo ya mti, ya udongo, ya nguo au ya kitu chochote huwekwa mbele ya kamera, ikapigwa picha moja. Kisha fundi huisogeza kidogo, mkono kwa unywele mmoja na kichwa kwa unywele mwingine, akaondoa mikono yake, ikapigwa picha ya pili. Picha hizo zikionyeshwa kwa mfululizo, 24 katika kila nukta moja ya saa, jicho hudanganyika na sanamu huonekana inakwenda yenyewe. Mkono umeifanya kazi yote, wala hauonekani hata mara moja. Nitaiita sinema ya picha kwa picha, mpaka atokee mtu mwenye jina zuri zaidi.

Nakiri mbele ya msomaji kwamba kwa miaka mingi nilizidharau sinema hizi. Nilizitia katika fungu moja na vitu vya kuwanyamazishia watoto. Nilipokuwa ugenini nikiandika tasnifu yangu ya udaktari, jioni moja ya mvua niliingia katika ukumbi mdogo wa sinema, si kwa kupenda sanaa, bali kwa kukimbia baridi. Ndani walikuwa wanaonyesha filamu fupi za kale. Nilitoka nimenyamaza. Tangu siku ile nimezionyesha filamu hizo kwa wanafunzi wangu wa fasihi kila mwaka, na kila mwaka mwenzangu mmoja katika idara huniuliza swali lile lile: taabu yote hii ya nini, ikiwa leo kompyuta yaweza kulitoa jambo hilo hilo kwa wepesi?

Swali lake ni la haki, na watetezi wengi wa sinema hii hulijibu vibaya. Hujibu kwa hesabu. Husema kwamba filamu ya dakika 18 ina picha 25,920, na hata ikiwa kila mkao wa sanamu utapigwa picha mbili, fundi hana budi kuisogeza sanamu yake karibu mara 13,000. Hesabu hiyo ni sahihi, na yastaajabisha, lakini haithibitishi kitu. Mtu aweza kuhesabu punje za mchele za gunia zima. Taabu yake itakuwa kubwa, na nyumbani kwake watalala na njaa. Taabu si sifa. Sifa sharti itafutwe katika lile ambalo vitu vyenyewe, yaani mti, nta, kioo, karatasi na udongo, vimelisema ambalo lisingesemeka kwa njia nyingine. Kwa kipimo hiki filamu nyingi za mkono huanguka, na chache husimama. Nitazitaja baadhi ya zile zinazosimama.

Wa kwanza kwa haki ni Ladislas Starewicz. Alizaliwa Moscow mwaka 1882 katika ukoo wa Kipoland, akakulia Kaunas katika Lithuania, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya dola ya Urusi, na huko akafanya kazi katika jumba la makumbusho ya viumbe. Alipenda wadudu tangu utoto. Mnamo mwaka 1910 alitaka kupiga sinema ya elimu kuonyesha jinsi mbawakawa madume wenye taya kubwa kama pembe wanavyopigana. Mbawakawa hao ni watu wa usiku. Taa za sinema zilipowashwa walitulia kimya, wakakataa vita. Starewicz hakuwabembeleza. Alichukua waliokufa, akawatoa miguu na taya, akavirudisha viungo mahali pake kwa waya na lakiri, na akawapiganisha picha kwa picha.

Tuitazame habari hii kwa makini. Fundi huyu hakuanza kwa kutaka kubuni. Alianza kwa kutaka kuonyesha kweli, na kweli ikamkatalia. Ndipo alipogundua kwamba maiti wa mdudu akitiwa waya huwa mwigizaji mtiifu kuliko mdudu hai. Mwaka 1912 akatoa filamu fupi iitwayo Kisasi cha Mpiga Sinema. Ndani yake bwana mmoja mbawakawa amwacha mkewe nyumbani, aenda mjini kumfuata mcheza ngoma ambaye ni kereng'ende. Mpenzi aliyeshindwa, panzi, ndiye mpiga sinema. Awafuata mpaka hotelini akawapiga picha katika tundu la ufunguo, kisha filamu hiyo ikaja kuonyeshwa hadharani, mume na mke wakiwa miongoni mwa watazamaji. Mke naye hakuwa mtakatifu, lakini hilo namwachia msomaji alione mwenyewe. Inasimuliwa kwamba baadhi ya waandishi wa magazeti wa wakati ule waliamini kuwa wadudu hao walikuwa hai na walikuwa wamefundishwa.

Kwa nini kichekesho hiki, ambacho kingechezwa na watu kingekuwa cha kawaida mno, hakijachakaa baada ya miaka zaidi ya 100? Nadhani ni kwa sababu ya lile gamba. Uso wa mdudu hauna aibu wala huzuni. Mume mwongo arudi kwa mkewe na uso ule ule aliotoka nao. Mke naye amlaki kwa uso huo huo. Unafiki wa mabwana wa mjini, ambao mwandishi angeueleza kwa kurasa nyingi, hapa umeelezwa na gamba peke yake. Na chini ya kicheko mtazamaji hawezi kusahau kwamba hawa wote ni maiti. Hakuna mchoro wala sanamu ya udongo ambayo ingetoa maana hiyo. Ilihitaji mbawakawa mwenyewe.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 Starewicz alihama Urusi, akapita Italia, akatua Ufaransa, na maisha yake yaliyobaki aliyaishi Fontenay-sous-Bois karibu na Paris. Huko nyumba ndiyo iliyokuwa karakana. Mkewe Anna alishona mavazi, bintiye Irène akawa mwenziwe katika kila kazi, na binti mwingine aliigiza. Mwaka 1933 alitoa Fétiche, habari ya mbwa wa kitambaa aliyeshonwa na mama maskini kwa ajili ya mwanawe mgonjwa. Mtoto atamani chungwa, na mbwa atoka usiku kulitafuta. Katika safari yake afika kwenye karamu ya Shetani, na wageni wa karamu hiyo ni takataka za mji zilizoamka: makaratasi, majani makavu, mboga, na mifupa ya kuku aliyekwisha kuliwa, ambayo yataga yai. Wengine huiona sehemu hiyo kuwa ni mzaha tu. Mimi naiona kuwa ndiyo kiini. Fundi mkimbizi, asiye na kampuni kubwa nyuma yake, ameingia jalalani na kuyapa uhai yale ambayo Paris iliyatupa.

Yafaa hapa kuleta habari ya kosa, maana katika sanaa hii kosa lina cheo cha ajabu. Katika mwaka ule ule wa 1933 Wamarekani walitoa King Kong, ambayo si filamu fupi, lakini sokwe wake mkubwa alikuwa sanamu ndogo iliyovikwa manyoya ya sungura na kuendeshwa picha kwa picha chini ya uongozi wa Willis O'Brien. Kila vidole vya fundi vilipoigusa sanamu, manyoya yalilala upande mwingine. Kwa hiyo katika filamu manyoya yale hutetemeka bila kukoma. Hilo lilikuwa kosa, na mafundi walilijua. Watazamaji hawakuliona hivyo. Waliona mnyama aliyesimamisha manyoya kwa hasira. Vidole vya mtu ambavyo havikutakiwa kuonekana vilionekana, vikahesabiwa kuwa roho ya mnyama. Kadhalika katika filamu za Nick Park wa Uingereza, kama The Wrong Trousers ya mwaka 1993, alama za vidole zaonekana wazi juu ya udongo wa mafuta waliofinyangiwa Wallace na mbwa wake Gromit. Zingeweza kufutwa. Ziliachwa, na mtazamaji huzipenda kama apendavyo alama ya kidole gumba juu ya chungu kilichookwa.

Lakini nisieleweke kuwa nasifu uzembe. Karel Zeman, Mcheki wa mji wa Zlín, alifanya kinyume. Mwaka 1949 alitengeneza filamu fupi, Inspirace, kwa sanamu za kioo. Mti hukunjika katika kiungo chake, udongo hufinyangika, bali kioo kikikunjwa huvunjika. Mwenye kutaka mcheza ngoma wa kioo ainue mkono hana budi kukitia kioo katika moto kikalainika, au kuleta sanamu nyingine mahali pa ile ya kwanza, na nyingine tena. Filamu yenyewe yaanza na fundi wa kioo aliyeishiwa na fikira, atazama dirishani wakati wa mvua, na ndani ya tone la maji aona ulimwengu. Ugumu wa kitu na uzuri wake ni jambo moja: tunaogopa kwa ajili ya yule mcheza ngoma katika kila hatua, kwa kuwa macho yetu yajua kioo ni nini.

Naye Yuri Norstein, katika filamu ya Kirusi ya mwaka 1975 juu ya kalunguyeye aliyepotea katika ukungu, alikabiliwa na shida ya kukiiga kitu kisichoshikika. Ukungu hauna umbo. Dawa yake ilikuwa karatasi nyembamba yenye kupitisha mwanga. Aliiweka juu ya picha ya mnyama, kisha akaiinua polepole kuelekea kamera, na kadiri karatasi ilivyopanda ndivyo mnyama alivyozama. Mimi nimesoma mashairi mengi juu ya ukungu na usahaulifu; machache yamenigusa kama karatasi ile. Aliyekulia Lushoto au Limuru ataitambua asubuhi hiyo mara moja, ijapokuwa hajafika Urusi.

Sasa nimefika kwa yule aliyenifanya nitoke ukumbini nimenyamaza. Jiří Trnka alizaliwa mwaka 1912 katika mji wa Plzeň, Bohemia. Mama yake alikuwa mshonaji. Katika ujana wake alifundishwa na Josef Skupa, bwana mkubwa wa makaragosi ya nyuzi katika nchi ile, ambako mchezo huo ni mila ya taifa. Baada ya vita, sinema ya Chekoslovakia ilipofanywa mali ya dola, Trnka alipata karakana yake mjini Prague, akatoa filamu ndefu na fupi zilizompa sifa katika dunia nzima. Dola ndiyo iliyomlipa, na dola ndiyo iliyompa heshima zake. Habari hii isisahauliwe, kwa sababu bila ya hiyo filamu yake ya mwisho haieleweki.

Sanamu za Trnka zina jambo moja la kushangaza: nyuso zao hazigeuki. Mafundi wengine wa kazi hii hubadilisha midomo na nyusi, au huweka vichwa vingi vya akiba. Yeye alichonga uso mmoja, akaupaka rangi, akauacha. Huzuni na furaha vilitoka katika mwinamo wa kichwa, katika mahali pa taa, na katika macho yaliyochorwa kwa namna isiyosema neno moja tu. Uso huo huo ukiinamishwa gizani walia. Ukiinuliwa kwenye mwanga watumaini. Watazamaji wengi huapa kwamba wameuona ukibadilika.

Filamu yake ya mwisho, Ruka, maana yake Mkono, ilitoka mwaka 1965. Ni mwaka ule ule aliofariki Starewicz. Ina karagosi mmoja tu, fundi mdogo aliyevaa kama mchekeshaji, aishiye katika chumba kimoja na waridi lake. Kazi yake ni kufinyanga vyungu vya kulipandia ua hilo. Kisha mlango wagongwa, na aingia mkono. Si sanamu ya mkono. Ni mkono wa mtu hasa, wenye nyama na mifupa, uliovikwa glavu, nao ni mkubwa kuliko yeye mzima. Mkono wamwamuru aache vyungu afinyange sanamu ya mkono. Yeye akataa kwa adabu. Mkono wachukua udongo wake na kuugeuza kuwa mkono; yeye aurudisha kuwa chungu. Waja kwa simu, waja kwa zawadi, waja katika televisheni ukijisifu kwa mikono yote mikuu ya historia, waja umevaa glavu nyeusi ya kumshawishi kama mwanamke. Mwisho wamkamata, wamtia katika tundu la dhahabu, na kumfunga nyuzi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini filamu hii haikuweza kuchorwa, wala kuandikwa, wala kuchezwa na watu. Muda wote uliotangulia tulimwona fundi huyu akienda kwa hiari yake. Tulisahau kuwa ni mti. Zile nyuzi alizofungwa na mkono ndizo nyuzi za kwanza tunazoziona, na alipofungwa ndipo alipokuwa karagosi kwa maana ile ya tusi tunayoijua sisi Waswahili. Na mkono wenyewe! Katika sanaa hii mkono wa mtu ndio siri ya uhai wote, nao umekatazwa kuonekana. Trnka aliufungulia mlango, akaupa glavu, akauonyesha kuwa ndio wenye kuua. Aliyefanya kazi kwa mikono yake tangu ujana hakuisingizia mikono ya wengine peke yao.

Ndani ya tundu fundi achonga sanamu kubwa ya mkono kwa jiwe, apewa nishani, kisha ajikomboa na kurudi chumbani mwake. Apigilia mbao kila mahali ili asiingiliwe tena. Katika kupigilia huko, chungu chake cha waridi chaanguka kutoka juu ya kabati na kumpiga kichwani, naye afa. Mkono wamfanyia maziko ya heshima, na kabati lake ndilo jeneza.

Majeshi ya kigeni yaliingia Chekoslovakia mwezi wa Agosti mwaka 1968. Trnka alifariki tarehe 30 Desemba 1969. Baada ya muda mfupi Ruka ilipigwa marufuku, nakala zake zikaondolewa mbele ya watu, na kwa takriban miaka 20 filamu ya dakika 18 yenye karagosi mmoja, waridi moja na glavu ilihesabiwa kuwa ni hatari kwa dola. Watawala wale hawakuwa wakosoaji wabaya wa sanaa. Waliielewa upesi.

Mbegu yake, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Mwaka 1963 Mjapani Kihachirō Kawamoto alikwenda Prague kujifunza kwa Trnka, na aliporudi kwao aliutia uso usiogeuka katika desturi ya vinyago vya michezo ya Kijapani, akatoa Oni mwaka 1972 na Dōjōji mwaka 1976. Afrika nayo haikungoja kufundishwa na Prague. Moustapha Alassane wa Niger, aliyepata mafunzo Kanada kwa Norman McLaren, alitengeneza kwa sanamu hadithi ya Samba le Grand mwaka 1977, na mwaka 2001 akatoa Kokoa, ambamo wanyama washindana kwa mieleka kama wafanyavyo vijana wa nchi yake. Alifariki mwaka 2015. Nasikitika kuwa wanafunzi wangu wawezao kutaja filamu 50 za Marekani hawajapata kulisikia jina lake.

Kwetu pwani na bara hali ni ya namna yake. Mwaka 2010 mfululizo wa Tinga Tinga Tales ulitengenezwa Nairobi kwa kompyuta, ukafuata mtindo wa picha alizoanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za dukani juu ya vipande vya ubao. Ni kazi ya kupendeza, wala siibezi. Mwenzangu wa idarani huitumia kunishinda: tazama, asema, chui ni yule yule. Mimi namjibu kwamba chui ni yule yule, ila rangi haikukauka. Ung'aro wa rangi ile, na mahali ambapo brashi iliishiwa na fundi akarudia, vimeachwa ubaoni. Yeye hucheka, hatujapatana hadi leo.

Yako mashaka ambayo sina jibu lake. Vitu vya mkono hufa. Nta hupasuka, mpira hugeuka unga, nguo huliwa na nondo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2005 ghala la karakana ya Aardman mjini Bristol liliungua, na sanamu na mandhari za miaka mingi zikateketea kwa usiku mmoja. Filamu zilibaki, nazo ndizo tunazoziona. Lakini ikiwa nimesema kweli kwamba maana imo katika kitu chenyewe, basi kuna kitu kilichoungua ambacho filamu haikukihifadhi, na ni lazima nikubali kuwa sijui kukitaja.

Mwaka jana, nilipomaliza kuonyesha Ruka, mwanafunzi mmoja ambaye bibi yake ni mfinyanzi aliomba tuirudie ile sehemu ya kwanza, kabla mlango haujagongwa. Tukairudia. Udongo ukainuka katika gurudumu, kuta za chungu zikasimama chini ya mikono miwili ya mti isiyo na vidole vya kuhesabika. Alitazama, akasema kwamba bibi yake pia huinamisha kichwa namna ile ile anapofika kwenye mdomo wa chungu, kisha akaomba tuitazame tena.